Mnong'onezi wa Jumba la Santa Sesilia

Iloilo, 2 Septemba 1962

Bibi yangu,

Natwaa mkono wako naugusisha kwenye paji la uso wangu, kisha nakimbia mbali kidogo, maana najua utapiga yowe.

Santa Sesilia linafunguliwa! Jumba lako, Bibi! Paa limerudi, ngazi zimerudi, na wiki iliyopita mafundi walivunja saruji iliyomwagwa mbele ya jukwaa baada ya vita, wakakuta chini yake ganda lako zima. Ndiyo, shimo lenyewe la mnong'onezi, ulimokuwa ukiwatajia waimbaji maneno yao, na kile kifuniko chake kilichobinuka kama gamba la kombe. Na kigoda chako kimo ndani! Mguu mmoja umeungua. Nilishuka nikakikalia, nikalia mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Sasa sikiliza lililo gumu. Nusu ya madiwani wanataka jumba liuzwe kwa mfanyabiashara wa barafu, alaze samaki pale walipokuwa wakikaa watu. Don Fausto, mwenyekiti wa kamati yetu, amewabana mpaka wakakubali jaribio moja: tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Santa Sesilia, tulifungue kwa mchezo uleule wa kuimba uliolifungua mwaka 1922. *Shela ya Marsela*, sehemu zote tatu. Watu wakijaa na mchezo ukifanikiwa, jumba linabaki la muziki. Tukishindwa, tarehe 23 watu wa barafu wanaingia na kamba zao za kupimia.

Tatizo ni kwamba mtunzi ni marehemu na makaratasi yake yote yaliungua. Kamati ikawa kama iko matangani. Nikasimama mimi. Nikasema, "Kitabu kipo. Bibi yangu alikifuata motoni akakitoa." Mzee Imo wa tarumbeta akavua kofia. Don Fausto akanibusu mikono yote miwili. Na palepale wakanipa kuongoza wapigaji, mimi, mwalimu wa fidla wa shule ya masista, miaka ishirini na minne!

Usikitume kwa basi, tafadhali. Mzee Basilio akinakili, uniletee nakala kwa posta, sehemu moja moja.

Mjukuu wako,
Ludivina


San Joaquin, 6 Septemba 1962

Ludivina,

Mungu akubariki, sasa inua kichwa usikie. Anayeandika ni Basilio jirani, kama kawaida, kwa sababu ya macho yangu haya.

Nimepiga yowe. Kosa lako ni kwamba ulikimbia karibu mno. Nimepiga yowe mpaka nguruwe wa padri wakavunja zizi, na padri mwenyewe akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyefufuka.

Kigoda changu! Huo mguu haukuunguzwa na moto wa vita, mjinga wewe. Uliunguzwa na marehemu babu yako Tasio, aliyekuwa akinyoosha mkono kuzimia sigara yake hapo kila akiniona nimenuna.

Wewe hukuliona Sesilia likiwa hai. Chini walikaa wenye mashamba ya miwa na wake zao, wanajipepea. Juu kabisa, kwenye mbao tupu, walikaa wapagazi wa bandari, na hao ndio waliokuwa wenye jumba. Mwimbaji akikosea, wale wa chini walimsamehe. Wapagazi walimwimbia wimbo wote wenyewe, sawasawa, mpaka aone haya. Watu walichumbiana mle, waligombana mle, wakapatana mle. Mji mzima ulijua nani ana msiba kwa kuona kiti kitupu. Bendi za miji mingine zikija kushindana na yetu, wauza tambi walifunga vibanda vyao wakaja kuzomea.

Na mimi nikiwa ndani ya ganda, kichwa tu ndicho kiko juu ya sakafu, naona viatu vya kila mtu. Wasikudanganye, kazi ya mnong'onezi si kusoma. Unatoa neno la kwanza nusu pumzi kabla ya mwimbaji kulihitaji. Ukiwahi, unamchanganya. Ukichelewa, umemuua. Lazima ujue kila mmoja anavuta pumzi wapi. Babu yako alikaa hatua mbili kutoka kwangu na tarumbeta lake, miaka kumi na tisa, na sehemu kubwa ya ndoa yetu ilifanyika pale.

Kitabu kiko sandukuni, chini ya nguo niliyoiweka ya kuzikiwa. Nilikishona ndani ya kitambaa cha mafuta siku ileile ya moto, na tangu hapo hakuna aliyekifungua. Jumatatu Basilio anakata uzi. Hao wa barafu waambie wakaogee barafu yao.

Kula. Barua yako ina sauti ya mtu aliyekonda.

Bibi yako,
Nicolasa

(Nyongeza ya mwandishi: Macho haya mabovu jana yalimwona kuku wangu akiingia kwenye mboga zake kutoka dirishani, mwendo wa nyumba nne. Mimi naandika tu. B. Gumban, karani mstaafu wa posta na simu.)


Iloilo, 19 Septemba 1962

Bibi,

Jumatatu mbili zimepita na sijapata hata ukurasa. Basilio anaumwa? Wewe unaumwa?

Huku kumewaka! Kila mzee wa mji anakuja mlangoni na kipande chake cha wimbo mkononi, kama watu wanaoleta vyombo kwa jirani mwenye harusi. Mmoja ana mwanzo, mwingine ana kiitikio, mama mmoja mfua nguo ana sauti ya pili tu, hana ya kwanza. Mzee Imo anakumbuka tarumbeta lake lote. Marsela tumempata sokoni, anaitwa Amparo, anauza vitambaa, na akiita wateja mbwa wa mtaa wa pili wanasimama. Lakini maneno hatuna, na nani anaingia baada ya nani hakuna ajuaye. Tuna matofali, hatuna nyumba.

Leo nimewasimulia wanafunzi wangu habari zako. Nimewaambia: bibi yangu hakukanyaga shule hata siku moja, lakini alijifundisha kusoma peke yake, akausomea mji mzima kutoka shimoni. Felisa, mvivu kuliko wote, akashika kitabu mpaka kengele ilipolia. Unaona, Bibi? Wewe ndiwe fimbo yangu.

Fanyeni haraka, nawaomba.

Ludivina


San Joaquin, 24 Septemba 1962

Ludivina,

Kitabu kimeingiliwa na mchwa. Usilie. Sehemu ya kwanza bado ilikuwa inasomeka, Basilio ameinakili, imo humu. Nyingine zinafuata.

Kitabu chenyewe hakifai kutazamwa na mtu. Ni vumbi. Usiniulize tena habari zake.

Huyo Amparo asivute pumzi anapotaja shela. Avute kabla, akiwa anageuka, ndiyo maana mtunzi alimgeuza. Mama yake Marsela anaingia kutoka kushoto, si kulia. Akiingia kulia anakutana na mwenye mashamba na mchezo unaisha palepale.

Na huyo Felisa mwache acheze.

Nicolasa

(Nimeandika nilichoambiwa niandike. B.G.)


Iloilo, 1 Oktoba 1962

Bibi, Bibi, Bibi!

Nimeisoma nikiwa nimesimama posta, watu wananisukuma. Kila kipande kimekwenda mahali pake. Yule mama mfua nguo amepata sauti yake ya kwanza. Tulipofika kwenye ugomvi wa Marsela na mwenye mashamba Mzee Imo akatoka nje, nikamfuata, nikamkuta anajipangusa uso kwa ile kofia yake. Akasema, "Ni yenyewe. Hata kile kikohozi cha bwana harusi kimo."

Matangazo yamebandikwa mpaka Molo. Wapagazi wametuma mtu kuuliza kama zile mbao za juu zitakuwapo. Nimesema zitakuwapo hata nikizipigilia misumari mwenyewe.

Lakini kuna jambo. Madiwani wa upande wa barafu wameanza kusema kwamba mchezo tumeutunga wenyewe. Don Fausto anataka kitabu kiwekwe kwenye kabati la kioo mlangoni, kila mtu akione, hata kama ni vumbi. Anasema vumbi lililotoka motoni ni bora kuliko kitabu kizima. Atakuja San Joaquin mwenyewe kwa gari lake tarehe 14, pamoja na mtu wa gazeti. Mpikie kuku, anapenda kuku.

Mjukuu wako mwenye furaha kuliko wote,
Ludivina


San Joaquin, 5 Oktoba 1962

Ludivina,

Huyo mwenye gari asije.

Basilio ameweka kalamu chini. Anasema alikaa posta miaka thelathini na moja na hajapata kupeleka uongo huku akiujua, na kwamba ama niseme kweli ama nikatafute mwandishi mwingine. Nimemwita majina yote ninayoyajua na mawili niliyoyabuni. Ameyasikiliza yote, kisha akachovya kalamu. Haya, andika basi, mzee wee.

Hakuna mchwa. Jumatatu ile Basilio alikata uzi, akafungua kitabu, akanyamaza. Nikasema, soma. Akanyamaza. Nikasema, Basilio, umekufa? Akasema, "Kulasa, hiki ni kitabu cha kutunza majogoo ya kupigana." Nikacheka. Nikadhani anatania, ingawa Basilio hajatania tangu azaliwe. Akanigeuzia ukurasa wa kwanza. Jogoo. Mwekundu, kasimama mguu mmoja, ananitazama.

Ndani ya ganda kulikuwa na rafu. Vitabu vyangu vilikaa pale, na mvuta pazia naye alikuwa akiweka vyake pale, maana mkewe hakutaka kuona habari za majogoo nyumbani. Vyote nilikuwa nimevivika kitambaa cheusi mimi mwenyewe, kwa ajili ya unyevu. Siku ya moto nikashuka, moshi mtupu, nikapapasa, nikashika, nikakimbia. Mwenye kusoma angefunua pale nje kwenye mwanga akaona kosa lake, labda angerudi. Mimi kufunua kungenisaidia nini?

Sijui kusoma, Ludivina. Sikujua wakati ule na sijui leo. Macho yangu ni mazima, namwona kuku wa Basilio hata sasa hivi.

Nilikuwa mfagiaji. Mwaka huo wa 22 walifanya mazoezi miezi miwili na mimi nikifagia chini yao. Kila neno likaniingia kama vumbi linavyoingia nywele. Siku mbili kabla ya ufunguzi mnong'onezi akashikwa na homa. Mkuu wa muziki akatazama huku na huku, akaniona, akauliza, "Wewe, unajua kusoma?" Nikamwambia, "Nipe kitabu." Sikusema ndiyo. Alinipa kitabu.

Ikawa miaka kumi na tisa. Michezo arobaini na kitu. Nasikiliza mazoezi mara tatu, ya nne ninayo. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, babu yako. Maana mtu asiyesoma anaweza kukaa ukurasa mmoja jioni nzima, na watu wangeona. Basi Tasio kila zikifika noti zake za kufunua karatasi aliniangalia akashusha kidevu, mara moja, kama mtu anayekubali kuongezewa wali. Nami nafunua. Hakusahau hata siku tuliyokuwa tumenuniana.

Kwa hiyo ulichokisoma posta umesimama ni kichwa changu. Ya pili imo kwenye bahasha hii, na ya tatu iko tayari kinywani, ije wakati wowote. Haijapungua neno. Lakini kama watasema mchezo usio na kitabu ni wa kubuni, basi jumba limeuawa na mimi, kwa mkono huuhuu uliopapasa. Hilo ndilo linaloniamsha. Hilo, na wewe ulivyosimama mbele ya watoto ukanisifu.

Mwambie Felisa ukweli. Mwambie asome, asije siku moja akaingia motoni kuokoa jogoo.

Nicolasa

(Hakuna nyongeza. B.G.)


SIMU YA MAANDISHI
KUTOKA ILOILO, 9 OKTOBA 1962
KWA NICOLASA HINOLAN, SAN JOAQUIN

USISEME NENO LINGINE NAKUJA JUMAMOSI LUDIVINA


San Joaquin, 10 Oktoba 1962

Bi Ludivina,

Barua hii naandika mwenyewe, bila ruhusa.

Simu yako ina maneno sita. Nimefanya kazi ya simu maisha yangu yote, na nakuarifu kwamba kadiri maneno yanavyopungua ndivyo yanavyokuwa makali. Bibi yako alinitaka nimsomee mara nne. Mara ya nne akasema, "Kaniambia ninyamaze. Ana haki." Tangu jana amekaa jikoni, hajasema neno. Leo asubuhi kuku wangu aliingia kwenye mboga zake, akala, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Miaka kumi na miwili ya ujirani, sijapata kuona siku kama hii ambayo sijatukanwa hata mara moja. Sijisikii vizuri.

Tafadhali panda basi la kwanza.

Basilio Gumban


Iloilo, 17 Oktoba 1962

Bibi, mtukutu wangu,

Bado nacheka, na bado nalia, na abiria wote wa basi walijua mambo yetu kabla hatujafika Miagao.

Wewe na Mzee Basilio ni watu wawili wa ajabu. *Usiseme neno lingine* maana yake ilikuwa usiyamwage hewani mpaka nifike na karatasi na fidla! Niliogopa utaanza kumwimbia Basilio sehemu ya tatu peke yake, naye asingejua hata noti moja. Nilipoingia jikoni ukaninyooshea mikono yote miwili kama mtu anayekamatwa, nikatamani simu isingevumbuliwa.

Sitasahau siku zile mbili maishani mwangu. Wewe unaimba huku unapara samaki, mimi naandika. Unakuwa Marsela, unakuwa mama yake, unakuwa tarumbeta la Babu. Nilipouliza, "Una hakika hapa ni *njoo* na si *nenda*?" ukanitazama kama nimekuuliza jina la mama yako.

Sasa ya kamati. Nilikuuliza mara mbili kama niseme, nawe ukajibu, "Sema, nimechoka kuwa na macho mabovu." Nikasema. Yote, tangu ufagio hadi jogoo. Don Fausto akakaa chini polepole. Akasema, "Na ndani ya kabati la kioo tutaweka nini, Ludivina? Jogoo?" Nikamjibu kama ulivyonituma: ndiyo, jogoo.

Hapo Mzee Imo akasimama. Bibi, sikiliza. Akasema, "Sisi wapigaji tulijua."

Chumba kizima kikageuka.

"Tulijua tangu mwaka wa kwanza," akasema. "Tasio alikuwa akishusha kidevu, sote tunaona. Siku moja Tasio alikuwa na homa hakuja. Kulasa akakaa ukurasa mmoja sehemu nzima ya kwanza, kitabu kimepinduka, miguu juu. Na hakukosa neno. Tukakubaliana pale pale kwamba atakayesema atapigwa na wote. Siku zile Tasio akikosekana, mimi ndiye niliyekuwa nashusha kidevu. Hakuwahi kunitazama mimi, ndiyo maana hakujua."

Miaka kumi na tisa, Bibi, watu ishirini na wawili, hakuna aliyetamka.

Diwani mmoja wa upande wa barafu akasema, basi mnong'onezi asiyesoma ni ushahidi gani? Don Fausto akamgeukia. Akasema, "Kichwani mwa yule mama mna mchezo mzima, bwana. Kichwani mwako mna nini?" Wakacheka mpaka karani akaangusha wino.

Nakala tunayo sasa. Lakini nusu pumzi hatuna. Nimempa kitabu kijana wa chuo, anasoma vizuri sana, na anamuua Amparo kila mstari. Njoo. Kigoda kimewekwa mguu mpya.

Ludivina


Iloilo, 23 Novemba 1962

Basilio, mzee wee,

Anayeandika ni Ludivina, na macho yangu hayana ubaya wowote.

Umekataa kuja kwa sababu ya kuku. Basi kaa na kuku wako usikie ulichokikosa, na ukisikia uumie.

Tangu asubuhi watu walisimama mpaka daraja la mto. Wapagazi walikuja na baba zao mgongoni, wazee wasioweza tena kupanda ngazi, wakawapandisha hadi mbao za juu kama magunia ya sukari. Wenye mashamba walikaa chini na mapepeo yao. Mfanyabiashara wa barafu mwenyewe alikuja, akakaa kiti cha pembeni, amevaa koti jeupe kama samaki wake.

Mlangoni kabati la kioo, na ndani yake jogoo wangu. Wamemfungua ukurasa wa kutibu mafua. Watu wanainama, wanasoma, wanaguna, wanacheka, wanavua kofia. Nikamwendea Don Fausto, nikamwambia afungue kabati. Akasema, "Mama, kitabu hiki ni cha maonyesho." Nikamwambia, "Mwanangu, mikono yangu haijapata kukaa ndani ya ganda mitupu." Akafungua. Wanaume wanne wakanishusha kwenye ganda, na wote wanne nikawagombeza.

Ludivina alinionyesha karatasi ya majina, akaweka kidole: hapa ndipo pameandikwa jina lako. Nimeitazama. Ni refu kuliko nilivyodhani.

Saa kumi kamili pazia likapanda.

Amparo akatoka. Akaliona jumba. Basilio, viatu vyake nilivijua palepale, viatu vya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Nikampa neno, nusu pumzi kabla. Kimya. Nikampa tena. Kimya. Wapigaji wakazunguka ule mstari mara ya pili, mara ya tatu. Nikasikia juu kule mbao zinalia, watu wanainama mbele. Nikaona upande wa pili yule wa koti jeupe amekunja nne. Nikasahau kunong'ona. Nikasema, "Imba, binti! Watu hawa hawaumi, nusu yao hawana meno!"

Jumba zima likasikia. Ulikuwa umesahau jinsi Sesilia linavyosikia? Unadondosha sindano jukwaani, inalia juu kwa wapagazi. Wakacheka chini, wakacheka juu, Amparo akacheka, na kicheko chake kikageuka wimbo hapohapo, akavuta pumzi akiwa anageuka, kama nilivyomfundisha, na ile sauti ya kuuzia vitambaa ikapanda mpaka darini.

Baada ya hapo sina la kukueleza, ungekuwepo. Kwenye kiitikio cha sehemu ya pili wazee wa juu hawakungoja, waliimba wote, na waliyakumbuka maneno yote, isipokuwa palepale walipokuwa wakikosea mwaka wa 22, na wakakosea vilevile. Mama mfua nguo akasimama kwenye kiti. Mapepeo yote yalisimama hewani. Pazia liliposhuka meya hakuhutubia, hakupata nafasi. Alipunga tu mkono na kupiga kelele, "La muziki! La muziki!" Na yule wa barafu, ewe Basilio, alikuwa anayeyuka. Kamshika Don Fausto koti anamuuliza mchezo unaofuata ni lini. Leo ndiyo tarehe 23. Hakuna aliyekuja na kamba.

Nimebakiza moja.

Sehemu ya tatu, ule wimbo wa mwisho, shela inaanguka mtoni. Mle ndani ya ganda mikono yangu imeshika kitabu, kidole kiko chini ya karatasi kama zamani, kinangoja. Mwenyewe sikujua kinangoja nini. Nikageuza jicho upande wa tarumbeta, hatua mbili, mahali pa Tasio. Mzee Imo amekaa pale, kafumba macho, anapuliza.

Basi nikamwona mjukuu wangu. Fidla begani, wapigaji thelathini wanamtazama yeye, waimbaji wanamtazama yeye, na yeye ananitazama mimi. Akashusha kidevu, mara moja, kama mtu anayekubali kuongezewa wali.

Nikafunua ukurasa.

Nicolasa

(Kwa mkono wa Ludivina, ambaye sasa hivi macho yake ndiyo mabovu.)